Bei ya kusikilizwa



Leo tuongee franga. Dhahabu ya Mongbwalu tuiache kando, mishahara ya serikali tuiache pia. Nataka kuongea juu ya ile franga inayotoka katika fundo la kitenge cha mama aliyemaliza kulia saa nzima. Anafungua fundo, ananyoosha noti moja moja juu ya goti, anahesabu midomo ikicheza. Na yule aliyekuwa akimsikiliza anageuzia uso dirishani, anasema: «Acha tu, mama. Utaleta siku ingine.»

Huyo aliyegeuza uso ni mshauri, mtu wa psikolojia, aliyefungua chumba chake mwenyewe hapa mjini Bunia. Viti viwili, meza ndogo, pazia mlangoni ili wapita njia wasichungulie. Mwenye nyumba alimdai garanti ya miezi kadhaa, tena kwa dolari, noti safi zisizo na mchaniko hata wa ukucha. Mwenye nyumba hakusema «acha tu». Shule ya sekondari ya watoto nayo haisemi «acha tu». Minervali isipolipwa, mtoto anarudishwa na mkoba wake mgongoni. Katika mnyororo wote huo wa watu wanaodaiana, anayeona haya kutaja bei ni mmoja tu, na ndiye aliyebeba kilio cha mwenzake tangu asubuhi.

Haya hiyo ina historia yake, na ni historia ya Ituri. Vita vya 1999 hadi 2003 vilipotuvunja, waliokuja kusikiliza walilipwa na watu wengine. Mwaka 2003 Madaktari Wasio na Mipaka walifungua hospitali ya Bon Marché hapa Bunia, na wanawake waliobakwa wakapokelewa huko bila kuulizwa franga hata moja. Akina mama wa kwetu nao, Julienne Lusenge na wenzake, walikuwa wameanzisha shirika la SOFEPADI mwaka 2000, na leo kituo chao cha Karibuni Wa Mama kinajulikana na kila mwendesha moto, ile teksi ya pikipiki, wa mji huu. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu ya Kaskazini na kwetu Ituri, vijana wengi waliosoma psikolojia waliajiriwa kukaa na familia, kueleza, kutuliza, kusindikiza maiti. Walilipwa primu. Tarehe 25 Juni 2020 ugonjwa ukatangazwa umekwisha, watu 2,287 wakiwa wamekufa, na primu nazo zikakoma. Kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake kwa nchi za nje, na kufikia tarehe 1 Julai mwaka huo USAID, shirika lililokuwa likilipa kazi nyingi huku kwetu, ilikuwa imefikia mwisho wake. Miradi ikafunga milango. Waliokuwa wakisikiliza wakabaki na ujuzi wao mikononi, na vyeti vya semina katika plastiki.

Ilikuwa sawa kabisa huduma hiyo kuwa bure. Nani angemwomba malipo mwanamke aliyefika kwa miguu kutoka Bogoro na mtoto mgongoni? Lakini miaka ishirini na zaidi ya kulipiwa na wengine imetuachia mji ambao haujawahi kuambiwa kusikilizwa kunagharimu kiasi gani, na washauri ambao hawajawahi kutaja bei kwa mdomo wao. Bajeti iliandikwa Kinshasa, Geneva au Washington. Mshauri alitia sahihi orodha ya mahudhurio, basi. Sasa yuko peke yake na mteja, na ile bajeti ndogo ya watu wawili lazima isemwe uso kwa uso.

Wako wanaoniambia: ndugu, huwezi kuuza machozi. Nawajibu kwamba hakuna anayeuza machozi. Wazee wanapoketi kusuluhisha ugomvi wa mashamba, hawaketi mikono mitupu: huletwa mbuzi, huletwa kinywaji, na hakuna anayewaita wachoyo. Kanisani tunatoa sadaka na zaka. Mganga wa kienyeji hutaja vitu vyake kabla hata hajafungua mfuko. Wakili hulipwa kwa maneno tu, na tunamheshimu. Kwa nini basi yule anayekaa na habari za usiku wa mashambulizi kule Djugu, anayezisikiliza mara ya tano bila kupiga mwayo na bila kuzipeleka sokoni, awe ndiye mtu pekee anayepaswa kuishi kwa hewa?

Lakini shida kubwa sioni kwa mteja. Naiona ndani ya moyo wa mshauri, na hapa nataka tukae kidogo.

Mshauri ambaye kodi yake inategemea wateja wachache huanza kuwa na hofu isiyosemwa. Mteja anakuja akitabasamu: nimelala vizuri juma zima, nafikiri sasa naweza kwenda mwenyewe. Hiyo ni habari njema, ndiyo kazi yenyewe. Lakini kabla furaha haijafika, hesabu imefika: mwezi ujao atakosekana mmoja. Mshauri asiyeijua hofu hiyo ataanza kumtafutia mteja kidonda kingine. Atamwambia: bado, mama, kuna mambo ya utoto hatujagusa. Pengine ni kweli, pengine ni kodi ya nyumba inayoongea.

Kuna pia kinyongo. Yule aliyeambiwa «acha tu» juma hili, na juma lililopita, na lile la kabla yake, anakaa kwenye kiti na deni lake limekaa pamoja naye. Mshauri hamchukii, la hasha. Lakini anaanza kuchelewa dakika kumi. Anaangalia simu. Anasahau jina la mtoto aliyeuawa, jina ambalo mama huyo alilitaja huku anatetemeka. Na mama anaona. Anafikiri: hadithi yangu imemchosha. Hajui kwamba kilichomchosha mwenzake ni noti ambazo mshauri mwenyewe alimwambia asizitoe.

Upande wa mama deni nalo linafanya kazi yake. Bunia si kubwa. Mtakutana soko kuu, mtakutana kwenye matanga, mtakutana katika likelemba moja, kikundi cha kuchangiana akiba. Siku moja anamwona mshauri anakuja kwa mbele pale Boulevard de la Libération, anajificha nyuma ya meza ya muuza viatu mpaka apite. Tangu siku hiyo harudi tena chumbani. Alikuja kwa sababu ya vita, ameondoka kwa sababu ya haya, na wa kumlaumu hayupo.

Halafu kuna tajiri. Anakuja na gari, anaweka dolari mezani kabla ya salamu kwisha, analipa mwezi mzima mbele. Mshauri anapumua. Lakini siku atakapotakiwa kumwambia mtu huyo, papa, hasira yako ndiyo inayowatisha watoto nyumbani, ulimi utakuwa mzito. Nimezungumza na washauri zaidi ya mmoja, na wote wanakubali kwamba ni rahisi kumwambia maskini ukweli kuliko kumwambia yule anayelipa garanti yako. Hilo ni jambo la kulitazama machoni, maana tajiri naye anaumwa, naye ana haki ya kuambiwa.

Msifikiri haya hii ya kutaja fedha ni ya kwetu peke yetu au inatokana na umaskini. Sigmund Freud wa Vienna, aliyeanzisha tiba hii ya kuongea, aliandika mwaka 1913 kwamba watu waliostaarabika hulichukulia suala la fedha kama wanavyolichukulia suala la ngono: kwa aibu na kwa unafiki. Akawashauri waganga wenzake waseme bei tangu mwanzo, wazi kabisa, na wasiache deni lirundikane. Alisimulia kwamba kwa karibu miaka kumi alitenga kila siku saa moja, wakati mwingine mbili, kwa wagonjwa wa bure, na akaona kwamba bure haikuwasaidia kama alivyotegemea. Wengine ilizidi kuwafunga. Baada ya Vita Vikuu vya kwanza, fedha ya Austria ilipoporomoka, yeye mwenyewe aliishi kwa wateja wa kigeni waliomlipa kwa fedha ngumu, dola 10 kwa saa. Mtu wa Bunia anayepokea franga asubuhi na kulipa kodi kwa dolari jioni, huku akipita kwanza kwa kambisti, mbadilisha fedha, anaielewa shida hiyo bila kufundishwa.

Na Freud huyohuyo, Septemba 1918 mjini Budapest, alisimama mbele ya wenzake akasema siku itafika ambapo jamii itaona maskini ana haki ya kutibiwa roho kama anavyopasuliwa tumbo, tena bila malipo. Wanafunzi wake walifungua kliniki ya namna hiyo Berlin mwaka 1920, na Vienna mwaka 1922. Kwa hiyo asije mtu akatumia jina lake kufukuza maskini. Maneno yake mawili yanakwenda pamoja: sema bei bila haya, na tengeneza mahali ambapo asiye na kitu atapokelewa.

Hapa Bunia mambo hayo mawili yanafanyikaje? Nitasema ninavyoona, na kila mmoja apime kwa mazingira yake.

Bei isemwe kabla ya machozi. Isemwe kwenye simu ya kwanza, au pale mlangoni kabla mtu hajakaa, kwa sauti ileile ya kusema saa ngapi. Ukingoja mpaka mtu amwage moyo ndipo utaje franga, utaonekana umemtega. Tena bei isichukuliwe kwa jirani. Kaa chini na daftari: kodi, umeme, moto wa kwenda na kurudi, simu, chakula, minervali, na kitu kidogo kwa yule mwenzako mkubwa unayekwenda kumweleza kazi zako ili usianguke. Gawanya kwa saa ambazo moyo wako unaweza kusikiliza kweli kwa juma. Usidanganye katika hesabu hiyo. Hakuna mtu anayeweza kusikiliza habari za mapanga saa nane kwa siku, siku sita, na akabaki mtu. Kama bei inataka usikilize zaidi ya uwezo wako, basi bei ni ndogo au chumba ni ghali, na afadhali ujue mapema.

Sema bei kwa dolari na kwa franga, na sema ni kwa bei ya siku ya kambisti. Wengi wanakula hasara hapo kimyakimya kisha wanawaonea wateja hasira bila kujua sababu.

Na nafasi za bure ziwe na idadi. Jambo hili nalisisitiza kuliko mengine yote. Jumatatu asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, mshauri aandike: juma hili nina nafasi mbili za bure, nafasi tatu za nusu bei. Anayechukua nafasi hiyo aambiwe waziwazi kwamba ni yake, kwamba hana deni, asije akajificha nyuma ya viatu sokoni. Msaada ulioamuliwa mapema kwa moyo mweupe hauachi kinyongo. Ule unaotolewa mlangoni kwa sababu fundo la kitenge limetuumiza macho, huo tunaudai kwa siri baadaye, na tunaudai kwa njia mbaya.

Nafasi zikijaa? Mwambie mtu ukweli, mpeleke kwa mwenzako, au kwenye kituo cha afya au kanisani ambako kuna wanaosikiliza. Mwanzoni ni vigumu. Lakini mshauri aliyefunga chumba baada ya miezi minane kwa madeni hatamsikiliza yeyote.

Mtu akileta kuku? Mkikubaliana mapema kwamba kuku ndiye malipo, kuku ni malipo halali, na mshauri aandike katika daftari kama anavyoandika franga. Akiletwa mwisho wa safari, kwa shukrani, mpokee kwa mikono miwili. Kumkatalia mama kuku aliyemfuga mwenyewe kule Kigonze, katika kambi ya waliokimbia vita, ni kumwambia kwamba hana kitu cha kumpa mtu duniani. Shamba au pikipiki ni habari nyingine. Hivyo vinakuja na kamba.

Kuhusu siku mtu asipofika: Freud alidai malipo hata kwa saa iliyokosekana. Kwetu hapana. Barabara ya Komanda ikifungwa kwa sababu ya silaha, mji ukitangaziwa kukaa nyumbani, au wanajeshi wakiziba njia, kwa kuwa Mei 2021 tuliwekwa chini ya utawala wa kijeshi uitwao état de siège, mteja hakukosa kwa mapenzi yake. Lakini yule wa kartie ya Lumumba aliyesahau tu mara ya tatu, huyo aulizwe, na alipe. Kutofautisha hao wawili ni sehemu ya kazi.

Sasa naomba mnisikilize vizuri juu ya simu. Siku hizi wengi wanalipa kwa Airtel Money, Orange Money au M-Pesa. Ni salama kuliko kutembea na noti. Lakini ujumbe unabaki ndani ya simu ya aliyetuma, wenye jina la aliyepokea, kiasi na saa. Bunia hii tunajuana. Mume akifungua simu ya mke wake usiku akaona jina la mshauri, ataanza kuuliza, na kuna nyumba ambamo swali hilo linaishia kwa kipigo. Kwa hiyo kabla ya kumpa mteja namba, muulize: nani mwingine anashika simu yako? Pengine ni heri noti mkononi. Pengine dada yake ndiye atakayetuma. Hilo ni swali la fedha, na ni swali la usalama wa mtu.

Bei pia haiishii chumbani. Dixon Chibanda, daktari wa akili wa Zimbabwe, amesimulia mara nyingi jinsi mwaka 2005 alivyompoteza mgonjwa wake kijana aliyejiua. Familia ilikuwa imekosa dola 15 za basi la kumfikisha hospitalini. Kutokana na kifo hicho, mwaka 2006 alianza kufundisha bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, wakae kwenye mabenchi nje ya kliniki na kuwasikiliza watu wa karibu yao. Kazi hiyo imeenea hadi nchi nyingine. Mshauri wa Bunia aliyepunguza bei kwa mtu wa kartie ya Mudzipela bado hajauliza moto inakula ngapi kwenda na kurudi. Mara nyingine afadhali mkutane kila majuma mawili na mtu afike, kuliko kila juma na nauli immalize.

Na ninyi familia za washauri, nina neno kwenu. Mnamwona na chumba, na kitambulisho shingoni, mnafikiri amepata. Shemeji wa Djugu anapiga simu, mjomba aliyekimbia Irumu anapiga simu, na kila mmoja ana haki ya kupiga. Lakini franga ya chumba kile si ya nyumbani yote. Sehemu ni kodi ya mwezi ujao, sehemu ni ya miezi ambayo barabara zitafungwa na wateja hawatakuja. Mwacheni aweke katika likelemba au katika chama chake cha akiba bila kumwita mchoyo. Mtu anayeshinda akisikiliza huzuni za watu akirudi jioni na kuulizwa «umeleta nini?» kila siku, mwisho ataiogopa nyumba yake mwenyewe.

Yuko mtu mmoja ambaye maneno haya yote ya bei hayamhusu. Wewe uliyebakwa, jana au leo asubuhi, shambani, njiani au nyumbani kwako, usitafute franga kwanza, na usingoje nguo ikauke wala mtu akushauri kunyamaza. Nenda hospitali, au Karibuni Wa Mama, au kituo cha afya kilicho karibu nawe, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zina saa zake, na zikipita hazisaidii tena. Hata saa hizo zikiwa zimepita, nenda: kuna vidonda vya kutibu, kuna mimba ya kuzuia, kuna mtu wa kukaa nawe. Ukiombwa malipo mahali popote, usirudi nyumbani. Uliza wapi wanapokea bure, na umwombe jirani yako mmoja unayemwamini akusindikize.